Ruzuku ya chaja iangalie na transfoma za mtaani

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee ruzuku ya chaja za bajaji na magari ya umeme. Huku Uyole saa moja jioni watu wakianza kupika taa inafifia mpaka inakuwa nyekundu, friji inanguruma tu haigandishi, transfoma moja imebeba nyumba zetu na mashine za kusaga, sasa bajaji za umeme zikiwa nyingi na kila dereva akirudi home anachomeka mida hiyohiyo itakuwaje? Umeme nchi inao jamani, bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115, ila huku mtaani waya na transfoma ndo zinaelemewa.

Marekani mwaka 2021 walitenga dola bilioni 5 za vituo vya chaji barabarani. Uingereza tangu 2022 chaja mpya za nyumbani zinakuja zimesetiwa zisichaji saa za matumizi makubwa, mwenyewe akitaka anabadilisha. Hii ya pili ndo nimeipenda zaidi.

Naiomba serikali ikitoa ruzuku isiishie kununua chaja, iweke sharti zichaji usiku wa manane, na bei ya muda huo ishuke maana dereva anaangalia mfuko wake kwanza, na hela nyingine iende kwenye transfoma. Halafu zisiishie Dar tu, hapa Mbeya, Mwanjelwa na Mafiati, bajaji zipo kibao.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya