Tafadhali usichemshe mianzi yako kabla ya kutuletea

Mwezi huu kwenye karakana yetu ya kusokota uzi wa mianzi tumepokea gunia la tatu la unga. Mwenyewe hakuliita unga. Alisema ni nyuzinyuzi za mianzi, laini, zimeshaiva, kazi yetu ni kuzipitisha mashineni tu. Alikuwa amezichemsha kwake kwenye kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, kutwa nzima ili akwepe gharama yetu ya kulainisha. Tulipomwambia hazisokotiki alikasirika, na hatumlaumu: ukizishika mkononi ni laini kama pamba, halafu fundi anakwambia zimeharibika.

Aliyemtangulia alikuwa mkali zaidi. Huyo tulikubali kumjaribia, kosa letu. Alileta kilo kumi, akaondoka na uzi usiofika kilo tatu, tena wenye mabonge, akatuambia waziwazi kwamba tumemwibia. Kilo zake zilizobaki zilikuwa chini ya mashine ya kuchambulia, ile inayochana nyuzinyuzi kwa meno, zimekuwa vumbi. Tangu siku hiyo vumbi la kila mteja tunalikusanya, tunalipima mbele yake na kumkabidhi. Wengine wanacheka. Tumeshazoea.

Tatizo lenyewe liko hivi. Unywele mmoja wa pamba una urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi. Mwanzi ukiutenganisha mpaka chembe ya mwisho unabaki na vijiti vya milimita mbili, tatu. Vifupi namna hiyo havina pa kushikwa na rola wala pa kuzungushiwa msokoto. Kwa hiyo tunachosokota sisi ni mafungu: vijiti vingi vilivyopangana kwa urefu na kushikanishwa na gundi ya mwanzi wenyewe, yaani lignini na wenzake. Gundi hiyo ndiyo inayofanya uzi ukwaruze. Ndiyo hiyo hiyo inayoupa urefu. Ukiitoa nusunusu unapata uzi, ukiitoa yote unapata malighafi nzuri sana ya kutengenezea karatasi, na karatasi sisi hatutengenezi.

Hapo ndipo muda wetu unapoishia. Tunakata vifundo na kuvitupa, kwa sababu pale nyuzinyuzi hupindapinda na kukatika. Pingili tunazipasua, tunakwangua ganda la nje lenye silika, madini magumu kama ya mchanga, ambalo hula meno ya mashine, kisha tunazipitisha kwenye rola zenye mifereji mara nyingi, kila mara nafasi ikipunguzwa kidogo, mpaka mwanzi uachane kwa urefu bila kuvunjwavunjwa. Halafu tunaloweka kwenye maji yenye vimeng'enya, tunaosha, tunarudia kwenye rola. Kostiki soda tunaitumia pia, hatufichi, lakini hafifu na kwa muda mfupi, na kuna mtu anasimama hapo hapo. Kila baada ya muda anachomoa unyuzi mmoja na kuusugua kwa kidole gumba. Ukichanika kwa urefu, kazi inaendelea. Ukimeguka vipandevipande, tumechelewa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Anayechemsha nyumbani huku akiendelea na shughuli nyingine hana kidole hicho pale sufuriani.

Mashine nazo zilitusumbua kwa muda mrefu. Tulianza na mashine ya kuchambulia pamba, tukidhani nyuzinyuzi ni nyuzinyuzi. Meno yake ni ya karibukaribu na silinda inakwenda mbio. Mafungu yaliingia marefu yakatoka yamekatwakatwa. Tukabadilisha meno, tukaweka ya nafasi pana, tukapunguza mwendo, tukaanza kunyunyizia maji yaliyochanganywa na mafuta kidogo saa kadhaa kabla ya kuchambua, maana mwanzi mkavu huvunjika kama bua. Hapo ndipo tulipopata utepe, yaani mkanda wa nyuzinyuzi ambao bado haujasokotwa, unaoweza kujibeba kutoka mashine moja hadi nyingine bila kukatika.

Kisha ikaja habari ya rola za kuvutia, zile zinazonyoosha utepe uwe mwembamba. Rola za mbele huenda kasi kuliko za nyuma, na nafasi kati yake lazima ilingane na urefu wa mafungu. Ukizisogeza karibu mno, fungu refu linashikwa pande zote mbili na kukatwa. Ukiziachanisha mno, mafungu mafupi yanaelea katikati bila kushikwa na upande wowote, yanaenda kwa makundi, na uzi unatoka mnene hapa, mwembamba pale. Mabonge ya yule bwana wa kilo kumi yalitoka hapo. Mzigo wake ulikuwa na vipande vya kila urefu, na rola haziwezi kuwekwa nafasi mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mzigo wa kila mteja tunaupangia rola upya, na ndiyo maana mzigo mdogo hauwi wa bei rahisi kwa kilo kama mnavyotegemea. Kuandaa mashine kunachukua muda ule ule, uwe umeleta kidogo au kingi.

Sasa lile linalotuudhi zaidi: "Mbona uzi wa mianzi nilioununua kwingine unateleza kama hariri na bei yake ni ndogo?" Kwa sababu huo ni viskosi. Mwanzi umeyeyushwa kwa kostiki soda na kaboni disalfaidi, ukawa uji mzito, ukasukumwa kwenye matundu madogo ndani ya bafu la asidi na kuganda kuwa nyuzi za urefu wowote utakao. Njia hiyo ina hati miliki ya Uingereza ya mwaka 1892, na haijali kama uji ulianza na mwanzi au na mti mwingine. Ni uzi mzuri, ila ukilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na kaboni disalfaidi ni sumu inayoharibu neva za wafanyakazi pale isipodhibitiwa. Mwaka 2009 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilizishtaki kampuni nne kwa kuuza rayoni, yaani jamii ya viskosi, kwa jina la mianzi, na mwaka 2010 ikawaandikia barua za onyo wauzaji 78. Sisi hatumkatazi mtu kununua viskosi. Tunachokataa ni kupimwa bei nayo.

Na msituletee video ya kiberiti, ile ya kuchoma uzi ili kujua umetokana na nini. Viskosi, pamba na mwanzi wetu vyote ni selulosi, vyote vinaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Kiberiti kitakufichulia poliesta, basi. Ukitaka kutofautisha mwanzi na viskosi tumia hadubini.

Kuna mama mmoja mfumaji, mteja wetu wa siku nyingi, aliomba tupunguze msokoto ili uzi uwe laini. Tukamwambia sawa, lakini autumie kwenye mshindio tu, yaani nyuzi zinazopita kwa upana wa kitambaa. Akautandika kwenye mtande, zile nyuzi za urefu zinazovutwa kwa nguvu. Uzi wa mwanzi hauvutiki, na msokoto ukipungua mafungu yanateleza na kuachana. Ulikatika siku nzima mpaka akakata tamaa. Alirudi akitulaumu, tukamkumbusha, akacheka, akaagiza mwingine. Huo tulimchanganyia pamba nusu kwa nusu tangu kwenye kuchambua, na ndio anaotumia hadi leo kwenye mtande. Ukitaka ulaini, sema mapema tukuchanganyie. Kuchanganya baada ya uzi kusokotwa hakupo.

Tuletee mianzi ya miaka mitatu hivi, michanga mno haina nguvu. Ije mibichi, imekatwa karibuni, pingili ndefu kadiri utakavyopata, haijapakwa dawa ya wadudu. Ukiwa umeshaichemsha, lete kwanza konzi moja tuisugue kwa kidole, kabla hujalipia gari la kubeba gunia.