Gesi ya heliamu ya Rukwa haina mionzi, waelezeni watu

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hii gesi ya heliamu huku kwetu Rukwa. Tangu watafiti wa Oxford na Durham kule Uingereza walipotangaza mwaka 2016 kwamba chini ya bonde letu kuna heliamu nyingi, magazeti yameandika sana habari za leseni na wawekezaji na mabilioni, lakini gesi yenyewe imetoka wapi karibu hamna anayeeleza, matokeo yake mtu akisikia tu kwamba asili yake ni urani, ile metali yenye mionzi, anaruka moja kwa moja kwenye mionzi na kansa. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, swali hili la kama heliamu ina mionzi naulizwa na wazazi na hata walimu wenzangu, na sio swali la kubeza hata kidogo.

Iko hivi. Kwenye miamba ya zamani kule chini kuna urani na thoriamu, elementi nyingine yenye mionzi, kidogo kidogo. Atomu ya urani ikijivunja inatema chembe ya alfa, yaani protoni mbili na nyutroni mbili, na hiyo ndo heliamu tayari ila haina elektroni hata moja. Inatoka na spidi ya karibu kilomita 14,000 kwa sekunde, na haihitaji hata kugonga atomu nyingine, ikipita tu jirani ile chaji yake chanya inang'oa elektroni za wenzake, na kila iking'oa inapungukiwa nguvu. Hewani inang'oa elektroni zaidi ya 100,000 ndani ya sentimita 3 hivi halafu basi, imesimama. Ndani ya mwamba haifiki hata unene wa karatasi.

Sasa utamu uko pale mwisho. Mwanafizikia William Bragg alionyesha mwaka 1904 kwamba chembe ya alfa inang'oa elektroni nyingi zaidi inapokaribia kusimama, na hapo hapo ikishapungua spidi na yenyewe inaanza kunyakua, inachukua elektroni moja, inaipoteza kwenye mgongano, inachukua tena, mpaka inatulia na mbili zake. Ikishazipata haziachii tena, maana hakuna elementi nyingine inayong'ang'ania elektroni yake ya kwanza kama heliamu. Ndo maana gesi hii haiwaki wala haiungani na kitu, na mionzi haitoi yoyote kwa sababu kiini chake ni imara, hakijivunji.

Na hii sio nadharia tu, watu waliiona kwa macho. Mwanafizikia Ernest Rutherford na mwenzake Thomas Royds pale Manchester walitengenezewa na fundi wa vioo, Otto Baumbach, kijibomba chembamba ajabu, ukuta wake kama sehemu moja ya mia ya milimita, wakakijaza radoni, gesi inayotema alfa, na kukizungushia bomba lingine lililonyonywa hewa yote. Walijiridhisha pia kwamba heliamu ya kawaida ikiwekwa mle ndani haipenyi ule ukuta. Alfa zikapenya. Wakakusanya kilichopatikana bomba la nje wakakipitishia umeme kiwake, maana kila gesi ikiwaka mwanga wake una mistari yake ya rangi, baada ya siku 2 ukaonekana mstari wa njano wa heliamu, siku ya 6 mistari yake mikuu yote ikawepo, wakachapisha mwaka 1909. Ni ule ule mstari wa njano ulioonekana kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868, kabla hajatokea mtu yeyote wa kuishika gesi hiyo duniani, hadi mkemia William Ramsay alipoipata mwaka 1895 tena ndani ya madini yenye urani! Mimi kila nikifundisha hapa nasisimka, na wanafunzi wanastahili kujua kwamba mapovu yanayotoka kwenye chemchemi za bonde lao yana historia hiyo hiyo. Sehemu kubwa ya mapovu yale ni nitrojeni, lakini kuna chemchemi ambazo heliamu imevuka asilimia 10, na watafiti wanasema ni joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoitoa kwenye miamba ilikokuwa imejifungia miaka mingi sana.

Ila kuna jambo moja la kuangalia kwa makini nalo ni radoni. Hiyo pia ni gesi na inatokana na urani hiyo hiyo, ila yenyewe bado inajivunja. Alfa ikikupiga kwa nje inaishia kwenye ngozi ya juu iliyokufa, lakini ukivuta radoni alfa inatemwa ndani ya mapafu, na elektroni inazong'oa ni za seli zako wewe. Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni kuwa chanzo kikubwa cha kansa ya mapafu baada ya sigara.

Kwa hiyo naomba mwandishi wenu akija tena huku asiishie kuuliza bei ya heliamu sokoni, awaulize wachimbaji kama gesi inayotoka visimani inapimwa radoni, nani anasoma hivyo vipimo, na kama wanakijiji wanaoishi jirani wanaonyeshwa majibu.

Mwalimu wa fizikia,
Sumbawanga