Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kwetu. Klabu hii ilianzishwa na wanafunzi wachache waliotaka kujua uhai ulianzaje. Mengine ya historia yamebandikwa ubaoni. Itoshe kusema kwamba mafanikio yetu ni makubwa, likiwamo umbo la ribosomu, yaani kile kiwanda kidogo cha kuundia protini ndani ya seli, tulilolifinyanga kwa udongo, ambalo limetazamwa na shule nzima, wapishi wakiwamo.

Mheshimiwa, mwaka 1952 Stanley Miller, akiwa bado mwanafunzi kama sisi, huko Chicago, alipitisha cheche za umeme katika mvuke wa maji, methani, amonia na haidrojeni, akapata asidi amino, ambazo ndizo matofali ya kujengea protini, glisini ikiwamo. Wengi huishia hapo. Swali gumu ni namna asidi hizo zilivyoungana zikawa minyororo ya protini. Leo kazi hiyo hufanywa na ribosomu, na picha yake ya kina iliyotolewa mwaka 2000 ilionyesha kwamba pale hasa zinapoungwa pana RNA, molekuli iliyo ndugu ya DNA, si protini. Lakini kabla ya ribosomu palikuwa na kikwazo: asidi amino mbili zikiungana hutoka molekuli moja ya maji, kwa hiyo katikati ya maji mengi muungano huo ni mgumu. Ndiyo maana wapo wanasayansi wanaoyatazama madimbwi yaliyokuwa yakikauka kwa joto na kujaa tena, kwani maji yakiondoka muungano huwa rahisi.

Kuiga madimbwi hayo, kwa kukausha na kulowesha glisini tena na tena, ndilo jaribio linalotushinda, kwa kukosa oveni moja ya maabara inayoweza kushikilia nyuzi 130 za Selsiasi kwa saa nyingi. Glisini tunayo, ninhidrini ya kutambulia asidi amino tunayo, na kulowesha hakujatushinda, maana paa la maabara linavuja. Kilichotushinda ni kukausha. Jiko la mkaa tulilijaribu, likaunguza kila kitu.

Tunakumbuka kwa heshima kwamba mgeni rasmi aliyekutangulia aliahidi oveni hiyo kabla ya muhula kwisha. Mihula mitano imepita, nasi makofi yetu tulikwisha kuyatoa. Aliyemtangulia yeye alitutaka tuandike barua. Tuliandika tatu, na nakala zake zenye mhuri wa kupokelewa zimo katika bahasha utakayokabidhiwa. Hatusemi haya kwa kulalamika, Mheshimiwa, bali tunakuomba kwa unyenyekevu kwamba, pamoja na ahadi yako, ututajie tarehe na mtu wa kumfuata.

Tunaomba kuwasilisha.