Meli Tatu Badala ya Sita

Sahibu yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako pamoja na ratiba uliyoichora kwa mkono, na nimefurahi mno kuona kwamba safari yetu ya Bahari ya Shamu sasa imeshuka kutoka midomoni mwetu hadi kwenye karatasi. Nimeisoma ratiba hiyo mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Umepanga meli sita zilizozama kwa siku sita, watu wanane, mashua moja. Nakuandikia kukuomba tuzipunguze meli hizo ziwe tatu, na kwa kuwa nakujua hukubali jambo kwa kuombwa tu, itanibidi nikueleze sababu zangu kwa urefu.

Nianze na Thistlegorm, ambayo ndiyo inayotuvuta sote, hata wale wa kundi letu ambao bado hawawezi kulitamka jina lake. Meli hiyo ya mizigo iliundwa Sunderland, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1940, na mwaka uliofuata ikapakiwa shehena ya vita kwa ajili ya jeshi la Uingereza lililokuwa likipigana Afrika Kaskazini. Kwa kuwa kupita Bahari ya Mediterania wakati huo kulikuwa ni kujitia hatarini, ililazimika kuizunguka Afrika kwa njia ya Rasi ya Tumaini Jema na kupanda hadi karibu na mlango wa Ghuba ya Suez, ambako ilitia nanga kusubiri zamu yake. Huko ndiko ndege za Kijerumani zilikoikuta usiku wa tarehe 6 Oktoba 1941. Mabomu yaliangukia sehemu ya nyuma, karibu na ngama, yaani chumba cha mizigo cha chini ya sitaha, iliyohifadhi risasi na makombora, na mlipuko uliofuata uliipasua meli. Watu 9 walipoteza maisha, 4 wakiwa mabaharia na 5 wakiwa askari wa mizinga.

Sasa fikiri maana ya habari hiyo kwa mzamiaji. Meli ina urefu unaozidi mita 120, imelala kwenye mchanga wenye kina cha mita 30 hivi, na shehena iliyokuwa ipelekwe vitani bado imo ndani: malori, pikipiki, bunduki, vipuri vya ndege, matairi na maboksi ya buti za mpira. Pikipiki zimesimama juu ya malori kwa safu, kama zilivyopakiwa siku ile, magurudumu yakiwa yamegeuzwa upande mmoja, na ukipitisha mwanga wa tochi polepole unaona viti vilivyooza hadi zikabaki springi tupu, huku samaki wadogo wakitoka mahali ilipokuwa taa ya mbele. Injini mbili za treni zilizokuwa zimefungwa juu ya sitaha zilirushwa na mlipuko na sasa zimekaa mchangani, moja kila upande wa meli. Mimi nilipofika hapo mara ya kwanza niliitumia mbizi yangu yote kutazama ngama moja tu, na nilipanda juu nikiwa na masikitiko ya mtu aliyeondolewa mezani kabla ya kushiba. Wewe umeipa meli hii mbizi moja, asubuhi ya siku ya tatu, kisha mchana tung'oe nanga. Sikubali. Naomba tuipe mbizi nne kwa siku mbili: ya kwanza kuizunguka kwa nje kutoka omo hadi tezi ili kila mmoja ajue mbele ni wapi na nyuma ni wapi, ya pili na ya tatu kuingia kwenye ngama za mbele, na ya nne kila jozi irudi pale moyo wake ulipobaki.

Mbizi ya kwanza ya kila siku iwe alfajiri. Wageni wanaotoka Sharm el-Sheikh, mji wa pwani ya Misri, kwa mashua za siku moja hufika asubuhi ikiwa imeshakolea, na wanapofika huwa wengi, kiasi kwamba ndani ya ngama unaona mapezi ya watu kuliko pikipiki. Faida ya mashua ya kulala ni hiyo hasa, kwamba tutakuwa tumeshaamka hapo hapo juu ya meli wakati wao bado wako njiani. Mkondo wa pale nao si wa kuchezea. Kuna siku hutulia kama bwawa, na kuna siku kamba ya kushukia hulala karibu usawa wa maji, nawe unaivuta mkono kwa mkono huku mapovu yako yakikimbilia nyuma badala ya juu.

Meli zangu nyingine mbili ni za mwamba wa Abu Nuhas, nazo ni Carnatic na Giannis D. Carnatic ilikuwa meli ya abiria iliyotumia mvuke na matanga, ikapanda mwamba mwezi Septemba 1869, miezi miwili tu kabla ya kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Ilikuwa imebeba barua, shaba na pauni 40,000 za dhahabu. Nahodha aliamini kwamba pampu zingemudu maji na kwamba meli nyingine ingepita kuwachukua, hivyo aliwazuia abiria ndani kwa zaidi ya siku nzima, mpaka meli ilipokatika vipande viwili na watu 31 wakafa maji. Kila ninapoikumbuka habari hiyo huwa nafikiri juu ya wale abiria waliokuwa wakikiona kisiwa cha Shadwan kwa macho yao. Leo mbao zote zimeoza na imebaki mifupa ya chuma, ambayo mwanga hupenya katikati yake kama kwenye kibanda ambacho hakijakandikwa, na hakuna mahali pa ndani ambapo huoni njia ya kutokea. Kwa mtu anayeingia katika meli iliyozama kwa mara ya kwanza, sijui mahali pazuri zaidi ya hapo.

Giannis D ilizama mwaka 1983, kwa hiyo sitaiita ya kihistoria mbele ya mtu anayejua mambo, lakini naitaka kwa sababu imelala kiubavu. Ukiingia chumba cha injini, ngazi na sakafu vinakwambia juu ni upande huu, ilhali mapovu yako yanakwambia ni upande ule. Wenzetu wawili ambao hawajawahi kukutana na hali hiyo ni afadhali wakutane nayo hapo, kwenye kina kisichofika mita 30, tukiwa kando yao. Uelewe pia kwamba meli za Abu Nuhas ziko upande wa kaskazini wa mwamba, unaopigwa na upepo. Mashua hujificha upande wa kusini na wazamiaji huzungushwa kwa boti ndogo ya mpira. Upepo ukikaza hakuna anayekwenda. Kwa hiyo tuweke siku mbili za Abu Nuhas tukijua kwamba moja inaweza kupotea, wala nahodha akisema leo haiwezekani asipatikane miongoni mwetu wa kumbembeleza.

Hapa ndipo tunapofika kwenye Rosalie Moller, meli ambayo najua moyo wako umelala juu yake. Ni kweli kwamba ilizamishwa usiku mbili tu baada ya Thistlegorm, tarehe 8 Oktoba 1941, ikiwa na shehena ya makaa ya mawe, na ni kweli kwamba haina msongamano wa watu. Lakini sitaha yake iko chini ya mita 30 na mchanga uko karibu na mita 50, ilhali mpaka wa wazamiaji wa starehe ni mita 40. Isitoshe, maji yake mara nyingi huwa na ukungu. Kwa hewa ya kawaida, majedwali mengi ya kuzamia yanakupa takriban dakika 20 kwenye mita 30 kabla ya kulazimika kusimama njiani kupunguza naitrojeni mwilini, na kila mita unayoongeza inazila dakika hizo. Nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ikiwa na oksijeni asilimia 32 inarefusha muda huo vizuri sana kwenye Thistlegorm, ndiyo maana nataka wote wanane wawe na cheti chake kabla ya kuondoka, lakini haifai kushuka nayo zaidi ya mita 33 au 34, kwa kuwa zaidi ya hapo oksijeni yenyewe huanza kuwa sumu. Wewe na mimi tunaweza kwenda Rosalie Moller mwaka mwingine, wawili, tukiwa na mitungi na mafunzo ya kina hicho. Hawa sita tusiwapeleke.

Kuhusu hewa nimefanya hesabu, nawe uisahihishe nikikosea. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi shinikizo la baa 200 una hewa ya lita 2,400. Ndani ya meli tutafuata kanuni ya theluthi, yaani theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, na theluthi ya mwisho haiguswi ila kwa dharura. Theluthi moja ni lita 800. Binamu yako, ambaye anapumua taratibu kama mtoto aliyelala, hutumia kama lita 15 kwa dakika akiwa juu, na kwenye mita 30, ambako shinikizo ni mara nne, zinakuwa 60. Ana dakika 13 za kuingia. Yule rafiki yetu mwenye kifua kipana hutumia 25, ambazo chini zinakuwa 100, naye ana dakika 8 tu. Katika ratiba yako umewaweka jozi moja kwa kuwa wanapendana. Mapenzi yao wayapeleke mezani wakati wa chakula. Majini kila mtu apangwe na mwenye mapafu kama yake, na jozi ya wenye kutumia hewa nyingi ipewe sehemu ya juu ya meli, ambayo kwenye Thistlegorm iko kwenye mita 16 au 17 tu na ina mengi ya kutazama.

Huenda unaona ninazidisha woga, hivyo nikukumbushe jambo ambalo sikuwahi kukusimulia lote. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika ngama ya meli nyingine, tukiwa kumi nyuma ya kiongozi mmoja, nami nikiwa wa mwisho. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sisi wazamiaji tumeichukua methali hiyo kama ilivyo, maana hakuna anayeridhika na sitaha mpaka achungulie ndani. Waliotangulia walipiga mapezi juu chini kama wanaoogelea bahari kuu, tope la miaka mingi likanyanyuka, na kwa muda mfupi sana sikuona tena hata mkono wangu. Niliibandika geji kwenye kioo cha miwani yangu na bado ilinibidi nikisie namba. Nilichokuwa nacho ni boriti ya chuma niliyokuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto, na nilikumbuka kwamba wakati wa kuingia ilikuwa upande wa kulia. Nikaifuata taratibu hadi nilipoona rangi ya buluu. Mtungi wangu ulikuwa umebaki na baa 40. Kiongozi alikuwa ameshaanza kupanda na hakuwa amehesabu watu. Tangu siku hiyo siingii ndani na zaidi ya watu wanne, siingii bila tochi mbili na uzi wa kufuata, na simchukui mtu asiyejua kupiga mapezi kwa mtindo wa chura, usiotimua tope.

Jambo jingine nataka uliseme wewe, kwa kuwa wanakuheshimu kuliko mimi: hakuna kuchukua kitu. Pikipiki na malori ya Thistlegorm yamekuwa yakinyofolewa kidogo kidogo na wageni, nembo hii leo, kipande kile kesho. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahesabu kuwa ni urithi kitu chenye thamani ya kihistoria kilichokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100, na kwa kipimo hicho Thistlegorm itafika mwaka 2041, lakini watu 9 walikufa pale na kwangu hilo linatosha. Hata mapovu yetu yana madhara, maana hewa hunasa chini ya sitaha na kuongeza kutu, hivyo tusikae ndani kupiga soga za mikono. Ukimwandikia mwenye mashua, muulize pia atafunga kamba wapi. Akisema atafunga popote penye nafasi, tutafute mwingine, kwa kuwa mashua zinazofunga kwenye vyuma vyenyewe ndizo zinazoving'oa.

Mengine ni mepesi. Kila mtu alete fomu ya daktari na bima inayotaja kuzamia kwa jina lake, tena inayogharimia matibabu ya chemba ya shinikizo, anamotibiwa mzamiaji aliyedhurika na naitrojeni. Fedha za amana zikusanywe kabla ya kutia saini chochote, kwa sababu watu wanane wanaosema ndiyo mara nyingi huwa watano wakati wa kulipa. Siku ya mwisho tusizamie kabisa, ili angalau saa 18 zipite na naitrojeni itoke mwilini kabla ya kupanda ndege. Mwezi wa Oktoba uliouchagua ni mzuri, maji bado yana joto, nao unaangukia kumbukumbu ya meli yenyewe, jambo ambalo sidhani ulilikusudia.

Nijibu kuhusu Rosalie Moller kabla hujamwandikia mwenye mashua. Ukikasirika, kasirika kwa barua ndefu, na humo unieleze hesabu yangu ya hewa imekosea wapi. Na tafadhali mwambie binamu yako anirudishie uzi wangu wa kufuata. Nimeutafuta wiki nzima, na sasa nakumbuka aliondoka nao.

Wako daima,
sahibu yako wa mbizi