Jasho lisifunike kasoro za kung fu

Mhariri,

Katika kumbi nyingi za kung fu mazoezi hupimwa kwa jasho: ngumi 300, mabu dakika 10, kisha kichurachura kuzunguka uwanja. Wapo pia wanaoshikilia kwamba ufundi ndio kila kitu, mengine waachiwe wanyanyua vyuma. Wote wanasahau mpangilio: kipi kitangulie, na zoezi likome lini.

Chukua mabu, msimamo wa farasi. Nyayo ziwe sambamba, zimeachana kiasi cha mabega mawili, magoti yaelekee vidole vya miguu, mgongo wima. Misuli ya makalio ikichoka, magoti huanza kuingia ndani. Hapo mzigo unahama kutoka kwenye misuli na kuielemea kano ya ndani ya goti pamoja na gegedu. Mwingine hubinua makalio na kuinamisha kifua. Mapaja yanapumzika, kiuno kinaumia. Kwa kuwatazama juu juu wote bado wamekaa mabu, na mwalimu mwenye saa mkononi anawasifu kwa uvumilivu. Wanachovumilia ni kasoro.

Afadhali sekunde 30 bila kushuka sana, pumziko la muda huohuo, mara 4, na zoezi likatishwe goti linapoyumba hata kama saa haijafika. Magoti yakitulia wiki nzima, ongeza sekunde 10. Kushuka chini kuje baadaye. Muda na kina visiongezwe siku moja.

Ngumi nayo ina njia yake. Katika gongbu, msimamo wa upinde wenye mguu mmoja mbele uliokunjwa, nguvu huanzia kisigino cha nyuma kinachosukuma ardhi, ikapita nyongani, ikaja begani, ngumi ikafika mwisho. Mtu akichoka, bega hutangulia na kisigino huinuka. Kulipima hili ni rahisi: anyooshe ngumi, mwenzake aisukume kwa kiganja taratibu kumrudisha nyuma. Njia ikiwa nzima, mguu wa nyuma ndio unaoupokea mzigo. Ikiwa imekatika, kiwiko hukunjika au kiuno hujipinda. Aliyeipoteza njia kwenye ngumi ya 80, zile 220 zilizobaki zinamzoesha kupiga vibaya.

Huko Chenjiagou, kijiji cha mkoa wa Henan ilikotoka taijiquan (tai chi) ya ukoo wa Chen, laojia ya kwanza, yaani mfuatano wa kwanza wa mienendo ya mtindo wa zamani, ambayo sehemu kubwa huchezwa polepole, hutangulia. Ya pili, paochui, yenye kuruka na kufyatua nguvu ghafla, hufuata. Lakini upole wa ile ya kwanza si mapumziko! Ukishuka na kuhamisha uzito mguu hadi mguu bila kuinuka, mapaja hutetemeka. Wanaojificha nyuma ya ufundi huku wamesimama wima kama wanasubiri daladala hawajaifanya kazi hiyo.

Kwa kipindi cha dakika 90, mbinu mpya zifundishwe kwa dakika 25 hivi mara tu baada ya kupasha mwili joto, miguu ikiwa bado na nguvu. Zifuate misimamo, kisha mazoezi ya wawili wawili kwa kasi. Ya kuchosha yabaki mwisho, na yatumie tu mbinu ambazo mwanafunzi amekwisha kuzimudu, au yasiwe na mbinu kabisa: kamba, mbio, pushapu. Kichurachura baada ya mabu kifutwe, kwa sababu mapaja yaliyochoka hayawezi kupunguza vizuri kishindo cha kutua, na goti hubeba mzigo zaidi.

Mwalimu wa kung fu,
Dar es Salaam