Barua kwa mwanangu: ngoja niape kwanza

Mwanangu,

Mama yako mdogo amenitumia picha. Mbuzi wawili, wazee wamekaa, na wewe umevaa lile shati jeupe. Umependeza, sikatai. Lakini nilimpigia hata kabla sijavua koti la kazini, nimuulize kitu kimoja tu: mahari imetolewa, au mmebisha hodi?

Akasema mmebisha hodi. Basi ibaki hapo hapo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "nimeelewa, Mama" upesi mno. Ombi nililokuwekea la kuja Marekani ni la mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huku daima, kwa mtoto wake aliyefikisha miaka 21 ambaye hajaoa. Hajaoa. Ukioa na mimi bado sina uraia, ombi linakufa lenyewe siku hiyo hiyo, na miaka yote tangu Oktoba 2017 inakwenda nalo. Foleni ya mwenye kadi kwa mtoto aliyeoa haipo kabisa. Wala usinieleze kwamba hamna cheti cha ndoa. Sheria ya ndoa ya huko nyumbani ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, na hata kianzio cha mahari kinaweza kuwa ushahidi. Kuficha ndiyo usithubutu: ubalozini Nairobi watakuuliza, na uongo wa viza unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha.

Najua mnavyosema na mwenzio, kwamba Mama anasema "mwakani" tangu uko chuo. Kila mwezi nafungua ile taarifa ya viza ya serikali ya huku, inayosema wamefikia maombi ya tarehe gani. Mwezi huu tarehe imesogea wiki chache, mwezi ule haikusogea, na kuna wakati inarudi nyuma. Watu wa Mexico na Ufilipino wanangoja zaidi yetu, maana hakuna nchi inayoruhusiwa kupita asilimia 7 ya viza hizo kwa mwaka. Hilo halinifariji, wala wewe halikupi mke.

Nilipopata kadi, 2014, ulikuwa na miaka 19 na ada ya ombi ilikuwa dola 420. Foleni ya walio chini ya miaka 21 ndiyo fupi. Mwaka ule tulinunua kochi. Nilipokuja kupeleka fomu ulishapita 21, na ada ilishapanda hadi 535. Kochi lenyewe limebonyea upande mmoja. Baba yenu wa huku anataka tulitupe, mimi nimekataa.

Na uraia nao ningeweza kuuomba tangu 2019. Ule mtihani, na Kiingereza changu cha kuandika, basi. Sasa fomu nimepeleka, alama za vidole nimetoa, na maswali ya historia nayasoma kwenye basi nikitoka zamu ya usiku. Nikishaapa kiapo cha uraia, hata ukioa ombi halifi. Linahamia foleni ya watoto wa raia waliooa, ambayo kweli ni ndefu zaidi, lakini tarehe yako ya 2017 inabaki na mkeo anaingia humo humo. Ndiyo maana nasema ngoja niape. Waambie wakwe ni mimi niliyezuia, lawama waniletee mimi.

Msichana nimempenda. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari ya magoti yangu, jambo ambalo wewe hujaniuliza tangu mwaka uanze. Na namna unavyosimama na wadogo zako naisikia, usidhani haifiki huku.

Pesa niliyotuma ni ya mabati ya jikoni, si ya kitu kingine. Fundi mpe nusu, nusu nyingine akimaliza. Cheti chako cha kuzaliwa kitoe kwenye lile sanduku kabla mvua haijaanza, unipigie picha pande zote mbili. Jina langu humo wameliandika kwa herufi moja pungufu na nataka kuliona tena.

Halafu kuna kitu mama yako mdogo hakunijibu sawasawa. Wale mbuzi, mlirudi nao au walibaki?

Mama yako