Kwa Mama Salma, Tanga

Ngarenaro, Arusha

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, ila wiki nzima hii Mlima Meru haujaonekana na watoto wanalala na soksi. Mjomba anaendeleaje na miguu yake? Barua hii ni yake kuliko ilivyo yako, mbele utaona kwa nini.

Jumamosi nilipita kwa kijana mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba karibu na soko kuu, nikakuta Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Jalada limechanika, na mwanafunzi fulani kapiga mstari wa penseli kila palipotajwa vyungu. Vyungu tu, kingine hakukigusa. Tulipokuwa shule mimi na wewe tulikikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Safari hii nimekisoma usiku mmoja, nikalia. Mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu kichwani, watu wakamsimanga kwa kaniki aliyokuja nayo mjini, mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kuimba kwenye santuri! Na Shaaban Robert, mtu wenu wa Tanga, aliyekiandika kitabu hicho, alimuwahi angali hai. Bibi mwenyewe alifariki Julai 1950. Angechelewa kidogo tu, tungebaki na santuri na masimango.

Tangu siku hiyo najiuliza: mwanamuziki wa dansi aliwahiwa na nani? Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, hata miaka arobaini hajafika. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye ajali, 1965. Kitabu cha Kiswahili kinachomkalisha mmoja wao sebuleni, kikamuuliza mama yake alikuwa nani na gitaa la kwanza alilipata wapi, mimi sijakishika mkononi.

Vya Kiingereza vipo, tena vizuri. Binti wa jirani anayesoma chuo kaniazima cha Kelly Askew, Mmarekani, kilichotoka 2002. Nakisoma na kamusi pembeni, kurasa tatu kwa siku. Alikaa huko huko kwenu Tanga akifuata taarabu na bendi za dansi. Ukifika anapoeleza kutunza waimbaji utadhani alikuwa na sisi kwenye zile harusi za Ngamiani: mwanamke anasubiri ubeti wake ufike, anainuka na noti, anakwenda polepole huku kamtazama mbaya wake, na ukumbi mzima unajua kinachosemwa ingawa yeye hajafungua mdomo. Mama yetu angeyasimulia hayo jikoni huku anakuna nazi. Sikuona haya kwamba kayaandika mgeni, maana kayaandika kwa heshima. Kilichoniuma ni kwamba Mjomba hawezi kuyasoma.

Sasa nisikilize. Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, mwaka 1970 wakaja hapa Arusha na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakahamia Kenya wakawa Simba Wanyika, na mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga, ndiyo Les Wanyika. Nyimbo zao bado zinapigwa kwenye kila daladala. Lakini huo mwaka wao wa Arusha, popote ninapousoma, unapewa sentensi moja. Walipiga ukumbi gani? Walilala kwa nani? Kwa nini hatukuweza kuwashika? Nimewauliza wazee wawili wa Kaloleni. Mmoja alitikisa kichwa. Wa pili alianza kuimba, akasahau ubeti wa pili, akanyamaza, macho yamejaa.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Unajua zamani nchini hatukuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, na santuri zilifyatuliwa Nairobi. Kwa hiyo baba, kule Moshi, alikuwa akizinasa redioni kwenye kanda, akimaliza anavunja vile vijipande vya juu ili isifutike. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilijaza karatasi kwenye vitundu vyake, nikarekodi kwaya yetu juu ya Morogoro Jazz. Jioni akaiweka, akasikiliza kwaya hadi mwisho, akasema tumeimba vizuri. Sikumuomba radhi, wala sikumuuliza ile kanda alikuwa kaicheza na nani. Sasa hayupo.

Ndiyo maana nakuomba ukae na Mjomba. Kwenye harusi ya Salma alitudokeza kwamba alikuwa akiingia bure kwenye dansi za Jamhuri Jazz kwa kubebea watu spika. Mrekodi kwenye simu, asubuhi baada ya chai, akili ikiwa imetulia. Usimuulize anakumbuka nini, atakujibu amesahau. Muulize mlango ulikuwa upande gani, kiingilio shilingi ngapi, wanawake walivaa viatu gani, nani aligombana na nani. Akichanganya miaka muache, miaka tutaitafuta wenyewe. Akichoka, zima. Nitumie sauti, kazi ya kuandika niachie mimi.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi kifurushi: parachichi kumi, kahawa ya Moshi, na kauntabuku jipya la kuandikia majina atakayoyataja. Parachichi zifunge kwenye gazeti, bado ngumu.

Mpe Mjomba shikamoo yangu. Mwambie sijamsahau yule mpiga tarumbeta aliyeanza kumsimulia, mpunga ukaletwa mezani, akaacha.

Shoga yako,
Mama Neema